Kimeng'enya Kinachosafisha Njia ya Neva: Asetilikolinesterasi na Sumu ya Viuatilifu Mashambani Kagera

Chukulia mgonjwa huyu. Ni jioni ya msimu wa kupulizia mimea, na mwanamume wa makamo anafikishwa kwenye zahanati ya pembezoni mwa mji wa Bukoba, amekalishwa kwenye pikipiki kati ya dereva na ndugu yake. Ametapika mara nne tangu adhuhuri. Nguo zimelowa jasho, tumbo linamkata, na kifua kinakoroma kana kwamba ana nimonia. Ndugu yake ana hakika kuwa ni malaria, na kipimo cha haraka kinaonyesha mistari miwili. Mhudumu anaandaa dripu na dawa ya malaria.

Mgonjwa huyu hana jina. Ametungwa kutokana na dalili ambazo wahudumu wa Nshambya, Kashai, Muleba na kwingineko mkoani Kagera wanaweza kukutana nazo siku yoyote. Katika eneo lenye malaria ya kudumu, mtu mzima aweza kuwa na vimelea vichache katika damu bila kuugua, hivyo kipimo kikasema kweli na utambuzi ukawa wa uongo. Kinachotofautisha mambo hupatikana kwa tochi ndogo. Mboni za macho ya mtu huyu zimesinyaa hadi kuwa kama ncha ya sindano, na hazitanuki hata chumba kikiwa na giza. Malaria haifanyi hivyo. Wala kipindupindu hakifanyi hivyo. Mtu anayetapika, anayeharisha na kutokwa jasho jingi, tena mboni zake zikiwa zimesinyaa, anauambia ulimwengu kwamba kimeng'enya kimoja mwilini mwake kimesimama kazi.

Kimeng'enya hicho huitwa asetilikolinesterasi. Kukielewa si anasa ya wanakemia, kwa maana kila hatua ya matibabu ya mgonjwa huyu, pamoja na saa anazobakiwa nazo, hutokana na mmenyuko mmoja wa kikemia ambao kazi yake ni kuukamilisha.

Ujumbe na ufutaji wake

Neva haziungani moja kwa moja na misuli au tezi. Kati yake pana ufa mwembamba mno, na ujumbe huvuka ufa huo kwa njia ya kemikali. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1921 na Otto Loewi, aliyechochea neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule na kuyamwagia moyo mwingine. Huo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Kemikali iliyokuwamo katika maji hayo ilikuja kutambuliwa kuwa asetilikolini. Loewi na Henry Dale wa Uingereza walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Dale alikuwa amekwisha kudokeza, mwaka 1914, kwamba kwa kuwa athari ya asetilikolini hupita upesi sana, lazima mwilini mna kitu kinachoivunja.

Dokezo hilo lilikuwa sahihi. Ujumbe usiofutwa hauwezi kufuatwa na ujumbe mwingine. Msuli unaoamriwa kukaza lazima uambiwe pia kwamba amri imekwisha, la sivyo utakaza, utatetemeka, na hatimaye utalegea kwa kuchoka. Asetilikolinesterasi hukaa ndani ya ufa huo na kuvunja asetilikolini mara tu inapomaliza kugusa vipokezi. Kasi yake ni miongoni mwa zile kubwa kabisa zinazojulikana katika biokemia: molekuli moja ya kimeng'enya huweza kuvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja.

Katika uainishaji wa kimataifa, kimeng'enya hiki kimo katika kundi la tatu, la hidrolasi, kwa namba 3.1.1.7. Hidrolasi ni vimeng'enya vinavyokata vifungo vya kikemia kwa kutumia maji. Amilesi ya mate, inayoanza kusaga wanga wa ndizi mdomoni, ni hidrolasi. Pepsini ya tumboni ni hidrolasi vilevile. Kwa upande wa asetilikolini, kinachokatwa ni kifungo cha esta kinachounganisha sehemu mbili, nao mmenyuko ni mfupi: asetilikolini na maji hutoa kolini na asidi ya asetiki. Kolini hurudishwa ndani ya neva ili itumike tena. Asidi ya asetiki ndiyo ileile inayoipa siki ukali wake, ila hapa ni kidogo mno, na mwili huitumia bila shida.

Maji peke yake yangeweza kukata kifungo hicho, lakini kwa mwendo ambao mwili hauwezi kuusubiri. Kimeng'enya huharakisha kazi kwa kuigawa katika hatua mbili. Mwaka 1991 umbo lake lilichorwa kwa mara ya kwanza kwa miale ya eksirei, kutokana na kimeng'enya cha samaki wa umeme aitwaye Torpedo, na ikaonekana kwamba mahali pa kazi pamefichwa chini ya korongo jembamba. Humo mna asidi amino tatu zinazoshirikiana: serini, histidini na glutamati. Asetilikolini ikishuka korongoni, serini hukamata sehemu ya asetili, na kolini huachiliwa iende zake. Kwa kitambo kidogo sana kimeng'enya hubaki kimebeba asetili juu ya serini yake. Ndipo molekuli ya maji inapoingia, hung'oa asetili hiyo, asidi ya asetiki hutoka, na serini huwa huru kumpokea mgeni mwingine.

Hatua ya pili, ile ya maji kuisafisha serini, ndiyo inayostahili kukumbukwa na kila mhudumu. Sumu inayozungumziwa hapa hushambulia hapo.

Mgeni asiyeondoka

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huingia korongoni kama asetilikolini inavyoingia, na serini huvikamata kama ilivyozoea. Lakini badala ya asetili, serini hubaki imebeba fosfeti. Maji yakija kuing'oa hayafui dafu: kazi iliyokuwa ya chini ya sekunde huchukua saa au siku nyingi. Viuatilifu vya jamii ya kabameti navyo huziba mahali hapohapo, lakini kifungo chao ni dhaifu zaidi, na kwa kawaida maji hukikata ndani ya saa kadhaa, hivi kwamba mgonjwa akisaidiwa kupumua huwa amepata nafuu kubwa ndani ya siku moja.

Asetilikolini isiyovunjwa hulundikana. Tezi husukumwa zitoe mate, machozi, jasho na makohozi bila kukoma. Utumbo na kibofu hukaza, mboni husinyaa, moyo huenda polepole, njia za hewa hubana. Hayo ni madhara ya vipokezi vya aina moja, viitwavyo vya muskarini. Katika misuli, ambako vipokezi ni vya nikotini, nyuzi huanza kuchezacheza chini ya ngozi, hasa mapajani na kifuani, kisha nguvu huisha. Ubongo nao huingiwa na wasiwasi, kuchanganyikiwa na degedege. Kinachoua ni pumzi: kifua kimejaa maji, njia zimebana, misuli ya kupumua imelegea, na kituo cha ubongo kinachoiamrisha kimenyamaza.

Kwa nini Kagera? Kahawa ya mkoa huu, ambayo kwa sehemu kubwa ni robusta, hupandwa ndani ya kibanja pamoja na migomba na maharage, hatua chache tu kutoka mlangoni. Kwa hiyo bomba la mgongoni hujazwa karibu na jiko, karibu na pipa la maji, na mbele ya watoto. Fukuzi wa migomba na wadudu wa nyanya na kabichi huwafanya wakulima watafute dawa kali, na dawa kali aghalabu huuzwa kwa kupimiwa, katika chupa ya soda isiyo na lebo. Kuna na upuliziaji wa bure kabisa: mnyauko wa migomba, uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, husababishwa na bakteria, na hakuna kiuatilifu cha wadudu kinachoutibu. Anayeupulizia hapati chochote ila sumu yake mwenyewe.

Kwamba sumu hiyo huingia mwilini hata pasipo mtu kuzimia, hilo limepimwa Afrika Mashariki. Nchini Kenya, katika miaka ya 1990, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walipima kolinesterasi katika damu ya wafanyakazi wa mashambani, na kwa wale walioshika viuatilifu utendaji wa kimeng'enya ulishuka kwa wastani wa theluthi moja. Nchini Tanzania, Vera Ngowi na wenzake walichunguza wakulima wadogo wa kahawa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001. Mtu aliyepoteza theluthi moja ya kimeng'enya aweza kuhisi kichwa kuuma tu, na uchovu, na macho yasiyoona vizuri jioni. Husema amechoka na jua. Akirudi shambani kesho yake, huanza akiwa na akiba pungufu.

Hapa yafaa kuondoa hofu moja. Wakazi wa Muleba wanakumbuka upuliziaji wa dawa-ukoko majumbani ulioanza mwaka 2007, baada ya mlipuko wa malaria wa mwaka uliotangulia. Mbu walipokuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, dawa nyingine zilihitajika, na katika utafiti mkubwa uliofanyika wilayani humo, ambao matokeo yake yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2018, mojawapo ya zilizotumika ukutani ilikuwa pirimifosi-methili. Hiyo ni oganofosfeti, na huua mbu kwa kuziba kimeng'enya kilekile. Je, si hatari? Dawa hiyo huvunjwa haraka zaidi katika mwili wa binadamu kuliko wa mdudu, kiasi kinachobaki ukutani ni kidogo, na mpuliziaji hufunzwa na kuvishwa vazi la kinga. Tofauti kati ya ukuta huo na chupa ya soda iliyofichwa chini ya kitanda ni kubwa kuliko tofauti ya majina ya kemikali. Kaya isikatae dawa-ukoko kwa sababu ya yale yasemwayo katika makala haya.

Matibabu yanayotii kemia

Mgonjwa wetu bado yuko kitandani. Avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele na kucha, naye anayemwosha avae glavu. Nguo zifungwe ndani ya mfuko, kwa maana sumu huendelea kupenya ngozi kwa kadiri inavyogusana nayo. Asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa: mgonjwa anayekoroma hutapika na kuvuta matapishi mapafuni. Alazwe kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo, na apewe oksijeni ikiwapo.

Dawa ya kwanza ni atropini, nayo isingoje oksijeni, wala isingoje rufaa. Kwa mtu mzima huanza kwa miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa wa damu, na kwa mtoto miligramu 0.02 hadi 0.05 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya dakika 5 mgonjwa hupimwa upya. Kama hakuna mabadiliko, kipimo huongezwa maradufu, na tena maradufu. Anayeanza na 2 hutoa 4, kisha 8, kisha 16. Katika robo saa tu zimeingia miligramu 30. Hapa ndipo wahudumu wengi husita, kwa kuwa walizoea atropini ya chumba cha upasuaji, ambako nusu miligramu huonekana nyingi. Kusita huko kuna gharama. Mwili uliojaa asetilikolini hauna kipimo cha kawaida, na kiasi kinachotosha ni kile kinachokausha kifua.

Kifua, basi, ndicho cha kusikilizwa. Lengo ni mapafu yasiyokoroma kwa stetoskopu, mapigo ya moyo yanayozidi 80 kwa dakika, shinikizo la juu la damu linalozidi 80, na makwapa makavu. Mboni huweza kuchelewa kutanuka, na moyo kwenda mbio si sababu ya kuinyima atropini ikiwa kifua bado kimejaa. Lengo likifikiwa, mgonjwa huwekewa atropini ya kudondoshwa, kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyomfikisha hapo. Akianza kuweweseka, kupata homa, na sauti za utumbo zikatoweka, imezidi: isimamishwe kwa muda, kisha irudishwe kwa kiasi kidogo zaidi.

Atropini haigusi kimeng'enya hata kidogo. Hufunika vipokezi vya muskarini tu, ili asetilikolini iliyolundikana isivifikie, na serini korongoni hubaki imezibwa vilevile. Kwa hiyo dawa ikikatwa mapema kwa sababu mgonjwa ameamka na kuomba chai, dalili hurudi usiku. Kwa sababu hiyohiyo atropini haiponyi misuli, ambayo vipokezi vyake ni vya aina nyingine.

Dawa inayoweza kuing'oa fosfeti juu ya serini ni pralidoksimu. Kwa mtazamo wa kikemia ni dawa nzuri sana. Kwa mgonjwa halisi, matokeo ya majaribio yaliyofanyika India na Sri Lanka yamepingana, na katika vituo vingi vya Afrika Mashariki haipatikani. Ikiwapo, wakati ni jambo la kuamua. Fosfeti iliyokaa juu ya serini hubadilika umbo polepole, ikipoteza tawi lake moja, na baada ya hapo hakuna dawa iwezayo kuing'oa. Kimeng'enya huwa kimezeeka, kama wasemavyo wataalamu. Kwa viuatilifu vyenye matawi ya methili, nusu ya kimeng'enya kilichozibwa huzeeka katika takriban saa 4. Kwa vile vya ethili, huchukua zaidi ya siku moja. Kwa hiyo mtu aliyekaa nyumbani akinyweshwa uji hadi alfajiri huenda akafika mlango ukiwa umefungwa. Ndiyo maana ndugu huombwa walete chupa au lebo pamoja na mgonjwa: jina lililoandikwa pale humwambia daktari ni jamii gani, na saa zimebaki ngapi. Chupa ifungwe vizuri, iwekwe ndani ya mfuko, wala isinuswe na yeyote.

Degedege hutibiwa kwa diazepamu, miligramu 10 kwenye mshipa kwa mtu mzima, na kurudiwa inapohitajika. Hospitalini, mgonjwa akihitaji mrija wa kupumulia, mtoa nusukaputi akumbuke kwamba suksamethoniamu huvunjwa na kolinesterasi ya damu, ambayo nayo imezibwa. Dakika chache za kulegea zaweza kuwa saa. Watoa nusukaputi wanaifahamu kemia hii kuliko wanavyodhani. Neostigmini wanayoitoa mwisho wa upasuaji ili kurudisha nguvu za misuli huziba asetilikolinesterasi kwa makusudi na kwa muda, na huandamana na atropini ili kuzuia mate na mapigo kushuka. Hicho wanachokifanya kwa kipimo ndicho mkulima alichofanyiwa bila kipimo.

Wapo pia wasiopata sumu kwa bahati mbaya, bali wameinywa kwa kukata tamaa. Matibabu ni yaleyale, wala maswali ya lawama hayana nafasi mbele ya mtu anayekoroma. Akipata nafuu asiachwe peke yake, na asiruhusiwe kabla hajazungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Ndugu nao waondoe viuatilifu nyumbani kabla hajarudi.

Siku zinazofuata

Kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu kuingia, wakati kifua ni kikavu na wodi imeanza kumsahau, misuli ya mgonjwa huweza kulegea ghafla. Njia rahisi ya kuligundua hilo mapema ni kumwomba ainue kichwa kutoka kwenye mto. Asipoweza, misuli ya kupumua inafuata, na apelekwe mara moja mahali penye mashine ya kupumulia, akisindikizwa na mtu anayejua kutumia mfuko wa kupumulishia. Mgonjwa wa oganofosfeti aliyetoka zahanati siku ya pili kwa sababu anatembea ameruhusiwa mapema mno.

Mwili hauitengenezi upya serini iliyozeeka. Huunda kimeng'enya kipya. Kolinesterasi ya majimaji ya damu hurudi katika wiki kadhaa. Ile iliyo juu ya chembe nyekundu hurudi kwa kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, takriban asilimia moja kwa siku, hivyo miezi mitatu au minne huhitajika. Kwa muda huo wote mtu aliyepona asishike bomba, asichanganye dawa, wala asiingie kwenye kibanja kilichopuliziwa karibuni, hata akijisikia mzima. Kwa familia inayotegemea mikono miwili ushauri huu ni mgumu. Lakini kiasi kilichomfanya mwaka jana aumwe kichwa tu chaweza safari hii kumrudisha kwenye pikipiki ile.

Lipo na jambo la mwisho ambalo mgonjwa aambiwe kabla ya kuondoka. Baadhi ya oganofosfeti hushambulia pia hidrolasi nyingine iliyomo ndani ya neva ndefu. Wiki moja hadi tatu baadaye nyayo huanza kufa ganzi au kuwaka, kisha miguu hukosa nguvu. Atropini haisaidii hapo, wala hakuna dawa ya kuizuia hali hiyo; kinachosaidia ni mazoezi ya viungo yakianza mapema. Kwa hiyo apewe tarehe ya kurudi baada ya wiki tatu, iandikwe kwenye kadi yake, na siku hiyo aulizwe kwanza kuhusu miguu.